Mwenyeji na Mgeni Wake: Uhakiki wa Istilahi za Utafiti wa Kuvu na Magonjwa

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa kwetu ili yakaguliwe lugha, yamo matangazo ya nafasi za utafiti katika vyuo na taasisi za nchi za nje. Makala haya yanahakiki tafsiri za fani moja tu, nayo ni uchunguzi wa jinsi kuvu zinazoleta magonjwa zinavyohusiana na mimea, wanyama na watu zinaowaingia. Tumeichagua fani hii kwa sababu magonjwa yenyewe tunayo: kutu ya ngano na ya kahawa, fugwe ya mahindi na mtama, ubwiri unga wa mikorosho, mapunye vichwani mwa watoto wa shule. Kadhalika, makosa yaliyomo katika tafsiri hizo si madogo. Yanageuza maana, na maana ikigeuka, mtaalamu hukosa nafasi, mwanafunzi hufundishwa yasiyo kweli, na mkulima hununua dawa isiyofaa.

1. Jina la kazi

Nafasi zinazotangazwa ni za watu waliokwisha kupata shahada ya uzamivu. Wafasiri wengi huandika “nafasi za masomo ya baada ya udaktari”. Hapa pana makosa mawili.

Kwanza, neno “udaktari”, kwa msomaji wa kawaida, ni kazi ya kutibu wagonjwa. Mhitimu wa elimu ya mimea akisoma maneno hayo atadhani hayamhusu. Neno “uzamivu” tunalo, limetokana na kitenzi zama, na linatumika katika vyuo vyetu. Hakuna haja ya kuliacha.

Pili, nafasi hizo si za masomo. Mwenye nafasi hasomeshwi wala hafanyi mitihani. Ni mtafiti aliyeajiriwa kwa mkataba wa muda, aghalabu miaka miwili au mitatu, naye hulipwa mshahara au ruzuku. Tofauti hii yawahusu hasa watumishi wa serikali. Barua ikisema “masomo”, afisa anayeshughulikia ruhusa ana haki ya kuuliza: huyu amekwisha kupata shahada ya juu kabisa, anakwenda kusoma nini tena? Kosa la mfasiri huwa tayari limekwisha kuwa kikwazo cha mtu. Tunapendekeza “nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu”, na mwenye nafasi aitwe “mtafiti wa baada ya uzamivu”.

2. Kuvu, ukungu na vijidudu

Kosa la pili ni kukiita kila kiletacho ugonjwa “kijidudu”. Neno hili limechukua bakteria, virusi, kuvu na hata minyoo, na hivyo halibagui chochote. Dawa zinazoua bakteria haziui kuvu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu zinazohitaji kupewa kipaumbele katika utafiti, nazo ni 19. Orodha hiyo ikifasiriwa kuwa “orodha ya vijidudu hatari”, shabaha yake yote imepotea.

Wengine hutumia “kiini cha ugonjwa”. Neno hili ni zuri katika mazungumzo, lakini katika biolojia kiini ni sehemu ya seli. Makala ya fani hii hueleza kiini cha seli ya kuvu na ugonjwa uletwao na kuvu hiyo katika ukurasa mmoja, na neno moja haliwezi kubeba yote mawili.

Kati ya “kuvu” na “ukungu” nako kunahitaji mpaka. Ukungu ni kile mkulima anachokiona: utando mweupe au wa kijivu juu ya jani, mkate au ukuta. Kuvu ni kiumbe chenyewe. Ugonjwa ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 huonekana kama ukungu, na kwa muda mrefu kisababishi chake kilihesabiwa kuwa kuvu. Leo wataalamu wanakiweka katika kundi jingine, lililo karibu zaidi na mwani wa kahawia kuliko kuvu. Mkulima anayeuita ugonjwa huo ukungu hajakosea, kwani ametaja dalili. Mfasiri anayeandika kuvu amekosea, kwani ametaja ukoo.

Kwa sababu hiyo hiyo tunawasihi wafasiri wasiyatupe majina ya wakulima: kutu, fugwe, ubwiri unga, chulebuni. Hayo ni majina ya magonjwa, na ni imara kuliko majina mengi ya kitaalamu ambayo wanasayansi wenyewe huyabadili. Ila yasifanywe kuwa majina ya kuvu. Huko Meksiko, mahindi machanga yaliyovimba kwa fugwe hupikwa na kuliwa kama kitoweo cha thamani. Kuvu ni ile ile. Shambani kwetu ni hasara, sokoni kwao ni chakula. Jina la kiumbe na jina la madhara yake sharti yatengane.

3. Mwenyeji

Kiumbe kinachoingiwa na kuvu kimekwisha kuzoeleka shuleni kwa jina la “mwenyeji”. Baadhi ya wafasiri hulikataa neno hili wakidai kwamba mwenyeji humkaribisha mgeni kwa hiari. Tumeambiwa tangu utoto: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja na mwenyeji ameugua. Kwa hiyo wameleta “mhanga”, “mwathirika” na “kishambuliwa”.

Sisi wenyewe tulijaribu njia ya kisarufi. Kutokana na mea tuna melea, na kutokana nacho tuna “kimelea”, yaani kiotacho juu ya kingine. Kwa kanuni hiyo, kinachootewa kingekuwa “kimelewa”. Jozi hiyo ni safi mno kwenye karatasi, lakini mwalimu atakayeitamka darasani atasikia kicheko kabla hajafika kwenye maana, maana watoto watauliza kimekunywa nini. Njia hiyo imefungwa.

Basi twatetea “mwenyeji”, na si kwa sababu ya mazoea pekee. Maneno yaliyopendekezwa badala yake yana kasoro moja kubwa: yanakifanya kiumbe hicho kipokee tu. Fani tunayoizungumzia imejengwa juu ya ugunduzi ulio kinyume cha hayo. Katika miaka ya 1940 mtaalamu wa Marekani, Harold Flor, akichunguza kutu ya mmea wa kitani huko North Dakota, alionyesha kwamba ukinzani wa mmea na uwezo wa kuvu huenda jozi kwa jozi. Kwa kila jeni ya mmea inayouwezesha kukinza, ipo jeni ya kuvu inayolingana nayo. Kuugua au kutougua hakuamuliwi na upande mmoja. Mwenyeji ni mwenye mji. Ana mlango, na aweza kuufunga. Mhanga hana mlango. Ili kuepuka utata, tunashauri neno hili liambatane na jina la kiumbe: mmea mwenyeji, mnyama mwenyeji.

4. Mwingiliano si shambulio

Kutokana na hayo, tafsiri ya “mashambulizi ya kuvu dhidi ya mimea” haitoshi kwa kichwa cha fani hii. Neno lifaalo ni “mwingiliano”, kwa kuwa linazitaja pande zote mbili kuwa zinatenda.

Mfano mzuri watoka mji wa Marburg, Ujerumani, ambao wasomaji wengi wanaujua kwa ajili ya homa ya virusi yenye jina hilo. Katika Taasisi ya Max Planck iliyoko huko, watafiti wakiongozwa na Regine Kahmann walichunguza kwa miaka mingi kuvu ya fugwe ya mahindi, Ustilago maydis. Mwaka 2011 ilielezwa kwamba kuvu hiyo hutoa protini iitwayo Cmu1 ambayo huingia ndani ya seli za mhindi. Humo huelekeza kwingine malighafi ambayo mmea ungeitumia kutengenezea asidi ya salisiliki, iliyo kama mbiu ya mgambo ya kuamsha ulinzi wake.

Wafasiri huita protini za namna hii “sumu”. Hilo ni kosa, kwa sababu kuvu ya fugwe hujilisha kwa seli zilizo hai, na kumuua mwenyeji mapema ni kujinyima chakula. Wengine wamependekeza “protini za hadaa”. Neno hilo lina picha nzuri, lakini linafunga maana, kwani si zote zinazohadaa. Nyingine hukandamiza, nyingine hubadili umbo la tishu. Tunapendekeza “kiathiri”, wingi “viathiri”.

Kinyume cha fugwe ni kuvu kama Botrytis cinerea, iharibuyo zabibu na maua ya waridi, ambayo huua kwanza ndipo ile. Kuziita kuvu zote mbili “vimelea” bila maelezo ni kuificha tofauti ambayo mtafiti anaitafuta. “Kisababishi” liwe neno pana, na “kimelea” libaki kwa kile kinachoishi kwa kutegemea mwenyeji aliye hai.

Gharama ya kutotofautisha haya si ya darasani tu. Mwaka 1998 ilionekana nchini Uganda kutu ya shina la ngano, iliyokuja kuitwa Ug99, ambayo iliishinda jeni ya ukinzani iliyotegemewa katika ngano ya nchi nyingi. Aina za ngano kutoka sehemu mbalimbali za dunia zikapelekwa Njoro, Kenya, kupimwa dhidi yake. Taarifa ikiandikwa kwamba “mbegu imechakaa”, mkulima atamlaumu aliyemuuzia mbegu. Mbegu ilikuwa ile ile. Kuvu ndiyo iliyobadilika.

5. Mapendekezo

Tunaweka mbele ya wasomaji istilahi hizi:

Kisababishi: kiumbe au kirusi kiletacho ugonjwa.
Kimelea: kisababishi kiishicho kwa kutegemea mwenyeji aliye hai.
Mwenyeji: kiumbe ambamo au ambapo kisababishi huingia na kujilisha.
Mwingiliano: matendo ya kisababishi na mwenyeji, kila kimoja kikiathiri kingine.
Kiathiri: kitu, aghalabu protini, kinachotolewa na kisababishi ili kubadili utendaji wa mwenyeji.
Ukinzani: uwezo wa mwenyeji wa kumzuia kisababishi.
Ustahimilivu: uwezo wa mwenyeji wa kuendelea kuzaa vema ingawa ameingiwa.

Hatudai kwamba zote zitakubalika. Walimu wazijaribu madarasani, mabwana shamba wazijaribu mashambani, na wafasiri watuandikie pale zinapokwama, wakitaja sentensi yenyewe ilimokwama. Mtafiti anayekwenda Marburg leo huenda akarudi kesho na habari ya mahindi yetu. Sharti akute maneno ya kuisimulia, nasi tuwe tumekwisha kukubaliana maana yake.