Kabla ya Yote Wewe ni Nani?

Jioni moja alifika barazani kwangu hapa Mabibo kijana mmoja aliyekuwa akikaa katika hosteli ya Chuo Kikuu. Alikuwa na karatasi za maswali ya utafiti wake. Aliniamkia, nikaitikia, nikamsogezea kigoda akaketi. Swali lake la mwisho lilikuwa hili: baina ya taifa, kabila na dini, ni kipi ningekitanguliza nikitakiwa kueleza mimi ni nani? Sikusita. Nilimwambia aandike Mtanzania kwanza, kisha Mlutheri, kisha Mpare. Nilitamka kama mtoto wa shule anayekariri ahadi za chama.

Jirani yangu, mzee wa Kizaramo ambaye tumecheza naye bao kwa miaka mingi, alikuwa ameketi nami. Kijana alipomgeukia, yeye alicheka. "Mjukuu wangu," akasema, "inategemea nani ananiuliza, na anataka nini kwangu." Kijana alitafuta mahali pa kuweka alama ya jibu hilo, hakupaona. Nadhani aliishia kumweka pamoja na wale wasiojua.

Nilijiona nimejibu vizuri kumshinda jirani yangu. Usiku ule nikakitoa kabatini kitabu kidogo cha Mwalimu Nyerere, "Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania", kwa sababu jibu langu asili yake ni humo. Nimekisoma mara nyingi. Safari hii nilikisoma huku jibu la jirani yangu likinisumbua, na nikaona kasoro ambayo zamani sikuiona. Lilikuwapo pia jambo la nyumbani kwangu lililonifanya nisome kwa uangalifu zaidi. Nitalieleza mbele.

Ndugu msomaji, kitabu hicho kilizaliwa na joto la mwaka 1993. Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, jambo lililozua mzozo mkubwa hadi ikajitoa Agosti 1993. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha hoja ya wabunge 55 waliotaka iundwe Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Miezi michache kabla, Aprili, mabucha ya nyama ya nguruwe yalikuwa yamevamiwa hapa jijini. Mwalimu, aliyekuwa amekwisha kung'atuka, aliona nyumba aliyoijenga inatikisika. Akaandika kwa ghadhabu, akiwataja kwa majina Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa chama chake mwenyewe. Kitabu kilichapwa Harare.

Hoja yake kuu ni nyepesi kuielewa. Ubaguzi hauna mwisho. Leo mtasema sisi Wazanzibari na wao Watanganyika. Mkishaachana mtagundua kwamba Wazanzibari nao ni Waunguja na Wapemba, na Watanganyika nao ni makabila zaidi ya mia. Akairudia hoja hiyo Machi 1995 mbele ya waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, alipozihesabu nyufa za nyumba yetu, ukabila na udini zikiwamo.

Katika hili Mwalimu alisema kweli, na anayetaka kumsahihisha aanze kwa kukiri hivyo. Nchi yetu ilifanya kazi kubwa kulishusha kabila. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza wananchi kabila na dini zao. Kiswahili kilifundishwa kila shule, na vijana walipelekwa kusoma au kulitumikia taifa mbali na kwao. Mwaka 2001 watafiti wa Afrobarometer waliwauliza Watanzania kwamba, mbali na kuwa raia wa nchi hii, wanajiona ni wa kundi gani kwanza. Waliotaja kabila walikuwa kama 3 tu katika kila 100. Wengi sana walitaja kazi zao. Mtu alisema mimi mkulima, mimi fundi. Ukikumbuka kwamba kule Rwanda mwaka 1994 kitambulisho kilichoandikwa kabila kiliweza kuwa hati ya kifo, na kwamba Kenya ilimwaga damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, utaona kwamba hiyo si kazi ya kubezwa.

Nami ni shahidi. Hapa Mabibo, mtaa uliopewa jina la matunda ya mkorosho, tuko watu wa kila upande. Nenda pale sokoni Mahakama ya Ndizi asubuhi. Utasikia kabila la kila mtu likitajwa kwa sauti, lakini kwa utani. Mchaga atamwambia Mpare kwamba ana mkono wa birika, na Mpare atamjibu kwamba afadhali birika kuliko mwizi. Watacheka, wataendelea kupatana bei. Kabila halikufutwa, lilinyang'anywa panga likaachiwa mdomo.

Basi kasoro iko wapi? Iko katika ngazi. Mwalimu, na sisi wanafunzi wake, tulizoea kuupanga utu wa mtu kama vidato: taifa juu, vingine chini yake. Tukaamini kwamba anayekitaja kidato cha chini ameanza kuuteremka utaifa. Kitabu kinasema vizuri sana juu ya wanasiasa wanaotafuta vyeo kwa kutumia kabila na dini. Hakisemi vya kutosha juu ya mtu wa kawaida ambaye anataja dini yake au Uzanzibari wake kwa sababu tu ana malalamiko na hajapata wa kumsikiliza. Watu hao wawili wanatumia maneno mamoja. Kuwatia wote katika kapu moja la wabaguzi ni kumwonea wa pili na kumpa wa kwanza wafuasi.

Mfano ni sensa ya Agosti 2012. Baadhi ya Waislamu walihimizana kutohesabiwa mpaka fomu iwe na swali la dini. Serikali ilikataa, ikasema dini haihusiani na mipango ya maendeleo. Wengi wetu tulisema: hawa wameweka dini mbele ya taifa. Sasa naona kwamba hatukusikia vizuri. Waliodai kuhesabiwa kwa dini yao walikuwa wakibishana juu ya namna taifa linavyowaona, na kuhusu takwimu zilizotajwa huku na huku bila msingi. Mtu asiyelijali taifa hana haja ya kubishana na fomu yake. Sisemi walikuwa sahihi kugoma. Mimi nilihesabiwa, na hata leo naona ni heri swali lile lisirudi. Nasema ugonjwa ulikuwa wa kutoaminiana, nasi tukatoa dawa ya kupanga vyeo.

Lakini ushahidi mkubwa zaidi dhidi ya ngazi ya Mwalimu ni Mwalimu mwenyewe. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwili wake uliletwa Dar es Salaam, nasi tukajipanga kwa maelfu Uwanja wa Taifa kumuaga. Hapo alikuwa Baba wa Taifa. Aliombewa kwa ibada za Kanisa Katoliki, ambalo alilishika tangu ujanani. Hapo alikuwa muumini. Kisha tarehe 23 Oktoba alizikwa Butiama, kwa Wazanaki, penye makaburi ya wazazi wake. Hapo alikuwa mtoto wa Chifu Burito. Nani alimuuliza lipi kwanza? Kila upande ulichukua siku yake, ukaupisha mwingine. Kama ngazi ingekuwa ndiyo kanuni, Baba wa Taifa angezikwa makao makuu ya taifa.

Linganisha na msiba wa wakili S. M. Otieno wa Nairobi, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka amzike karibu na Nairobi, akisema mumewe aliishi kama mtu wa kisasa na Mkristo. Ukoo wake wa Kijaluo, Umira Kager, ulitaka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Rufani, na maiti ikakaa miezi mitano bila kuzikwa. Mei 1987 ukoo ulishinda. Otieno hakuwa mtu mwenye vitu vingi zaidi ndani yake kuliko Nyerere. Tofauti ni kwamba walio hai walimlazimisha awe kimoja. Mtu mwenye sura tatu si hatari; hatari ni pale wengine wanapomwambia achague moja, na atakayoiacha wampokonye.

Kwa hiyo swali la kijana wa hosteli lina mtego. Linajenga mashindano palipokuwa hapana mashindano, kisha linapima mshindi. Jirani yangu aliukwepa mtego huo. Polisi akimuuliza ni nani, yeye ni Mtanzania. Mtani wake wa Kinyamwezi akimwendea msibani, yeye ni Mzaramo. Adhana ikilia, yeye ni Mwislamu. Hajakana lolote. Ningekuwa mimi ndiye mwandishi wa kitabu kile, ningeongeza sura moja: kazi ya taifa ni kupunguza nyakati ambazo mwananchi analazimishwa kuchagua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyopitishwa chini ya Mwalimu huyohuyo, ilifanya hivyo. Inaruhusu ndoa kufungwa kidini, kimila au kiserikali, na ile ya kiserikali haiwaulizi maarusi wanasali wapi.

Sasa nilieleze la nyumbani. Nilikwambia nilimjibu kijana Mtanzania kwanza. Mwaka mmoja kabla ya jioni ile, binti yangu wa pili alileta posa. Kijana alikuwa Mrangi wa Kondoa, mwalimu, mwenye adabu. Nilipoambiwa ni Mrangi sikushtuka hata kidogo, na nilijisifu moyoni kwamba sisi kizazi cha Mwalimu kabila hatulijui. Kisha nikaambiwa jina lake, nikajua ni Mwislamu. Nikakataa.

Binti yangu hakupiga kelele. Alisema, "Baba, ulitufundisha kwamba sote ni Watanzania." Nikamjibu kwamba hilo ni jambo la siasa na hili ni la ndoa. Yeye akasema hakuna anayebadili dini, watakwenda bomani. Nikamwambia akienda bomani aende na mama yake. Alikwenda na mama yake. Mimi siku ile nilijifunika shuka nikasema nina malaria.

Nimejitetea kwa njia nyingi. Nimesema wazee wa usharika wangenionaje. Nimesema watoto watasali wapi. Haya si maswali ya kipuuzi, na mzazi anayeyauliza asiitwe mbaguzi papo hapo. Mkwe wangu naye nasikia aliulizwa hayohayo kwao. Lakini kuuliza ni jambo moja, na kumfungia mtoto mlango ni jingine. Kosa langu halikuwa kuipenda dini yangu. Nilimlazimisha binti yangu achague kati ya baba na mume, wakati sheria ya nchi yake ilikuwa imekwisha mwondolea ulazima huo. Kisha nikaketi barazani, nikamwambia kijana wa watu kwamba mimi ni Mtanzania kwanza, na nikamcheka mzee wa Kizaramo aliyesema kweli.

Hapo ndipo ninapokilaumu kitabu cha Mwalimu, lawama ya mwanafunzi kwa mwalimu anayempenda. Ngazi yake ilinipa jibu zuri la kumpa mtafiti, na jibu hilo likanizuia kujitazama. Mtu anayesema taifa kwanza husifiwa kabla hajaulizwa amefanya nini. Afadhali tungefundishwa kuuliza: ni nani umemfanya achague, na alipochagua ulimfanyia nini?

Binti yangu anakaa Mbagala. Hunipigia simu Jumapili baada ya ibada, tunazungumza habari za afya na bei ya mchele, basi. Wana mtoto wa kiume ambaye mama yake mkubwa ameniambia anafanana na mimi masikio. Nauli ya kwenda huko si kubwa. Haya nimeyaandika kabla sijapanda daladala, kwa sababu nilitaka kwanza niwe nimekubali kosa langu kwa maandishi, nisije nikafika pale nikaanza tena kutoa hotuba.