Theluji ya Keats na Mvua ya Kampala

Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia kitabu kidogo tunachokitumia katika somo la tafsiri: The Snowy Day cha Ezra Jack Keats, kilichotoka Marekani mwaka 1962 na kupata tuzo ya Caldecott mwaka 1963. Wapo wenzetu wanaouliza kitabu cha theluji kinatuhusu nini sisi tulio karibu na Ikweta. Swali ni la haki, nasi tutalirudia.

Hadithi ni fupi mno. Peter, mtoto mweusi wa mjini, anaamka na kukuta theluji imefunika kila kitu. Anavaa nguo yake nyekundu na kutoka. Anatazama nyayo zake, anaupiga mti kwa fimbo, theluji inamwangukia kichwani. Kabla ya kuingia ndani anatia donge la theluji mfukoni aliweke hadi kesho. Baadaye akiangalia, mfuko mtupu. Hakuna mtu mzima anayemweleza kwamba theluji huyeyuka. Mama yake anamvua soksi zilizolowa, huku mtoto akimsimulia. Hapo ndipo ulipo ubora wa Keats: hali ya hewa inajulikana kwa miguu, kwa kichwa na kwa mfuko.

Vingi kati ya vitabu vya Kiswahili vya umri huu vilivyotufikia vinakwenda kinyume. Mvua huja na somo: inatupatia chakula, tena tusiichezee tutaugua. Mtoto wa pichani kasimama dirishani.

Wanafunzi wetu walikwama pale Peter anapokanyaga theluji na sauti inasikika. Mmoja aliandika: "Alitembea juu ya theluji na sauti ikasikika." Sahihi, lakini imekufa. Na Kiswahili hakina upungufu hapa! Tuna nyeupe pe, kulowa chapachapa, kutumbukia chubwi, tuna ndo ndo ndo na chururu. Kosa ni letu walimu: tunafundisha tanakali za sauti kama orodha ya mtihani, "taja tano", kisha tunashangaa hazitumiki. Vivyo hivyo ngeli. Mvua inanyesha, jua linawaka, upepo unavuma, mawingu yametanda: kurasa nne za picha, na mtoto amesikia viambishi vinne bila kutajiwa neno ngeli.

Tulikisoma kitabu hiki kwa watoto wadogo wa chekechea. Mmoja alionyesha theluji akasema ni omuzira, yaani mvua ya mawe kwa Kiluganda. Alikisia vizuri, ila asingeweza kuhakikisha. Kitabu cha Keats kinamtaka msomaji afunge kurasa atoke nje, na nje hapa hakuna theluji (ile ya Rwenzori iko mbali, tena inapungua). Kwa hiyo wale wenzetu wana hoja: tafsiri peke yake haitoshi. Rain cha Manya Stojic, cha mwaka 2000, kiko karibu nasi zaidi, kwani wanyama wa nyika wanaitambua mvua kila mmoja kwa hisi yake, mmoja kwa pua, mwingine kwa macho. Lakini ni mbuga. Mtoto wa mtaani hamo.

Wala tusikimbilie kuazima pwani. Kaskazi na kusi ni pepo za mabaharia, hazimvumii mtoto wa Kampala. Yeye anayo matope mekundu, mfereji uliofurika, kishindo cha mvua juu ya bati hata watu hawasikilizani, na kumbikumbi wanaoruka mvua ikikatika. Nani amemchorea kumbikumbi?

Tumewapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi hiyo: kurasa 12, mtoto mmoja, mvua moja, pasiwe na sentensi ya kuonya. Rasimu tatu za kwanza zimeshatufikia. Zote tatu zinamalizika kwa mama kuita, "Ingia ndani, usije ukapata homa!" Tumezirudisha.