Tarehe Bila Mahali: Jinsi Safari ya Nyuroni Ilivyosomwa

Kata kipande chembamba cha gamba la ubongo, kitie rangi, kiweke chini ya hadubini. Utaona matabaka sita ya seli, na hutaona hata seli moja ikitembea. Zimekufa, zimekaushwa kwa kemikali, zimetulia. Hata hivyo wataalamu walishuku mapema kwamba nyuroni hazizaliwi pale zinapofanyia kazi. Katika kijusi, seli zinazogawanyika zimejazana chini kabisa, kandokando ya vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, ilhali gamba lenyewe liko juu. Lazima kuna safari. Swali lilikuwa jinsi ya kuithibitisha kwa kutazama maiti za seli.

Jibu la kwanza lililo imara lilitoka Boston mwaka 1961, kwa Jay Angevine na Richard Sidman. Hawakujaribu kuiona safari yenyewe. Walitafuta tarehe ya kuzaliwa ya kila seli, na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wao.

Seli inayotaka kugawanyika hunakili kwanza DNA yake, na kwa kazi hiyo huhitaji thaimidini, kiungo kinachoingia kwenye DNA bila kuingia kwenye RNA. Angevine na Sidman walichukua thaimidini iliyofungwa tritiamu, yaani haidrojeni yenye mnururisho, wakamdunga panya mwenye mimba. Dawa hiyo huzunguka mwilini kwa muda mfupi tu kabla ya kuvunjwavunjwa. Seli iliyokuwa ikinakili DNA katika saa hizo huimeza. Iliyokwisha kunakili, au isiyoanza bado, haipati kitu. Kisha watoto wa panya huachwa wazaliwe na wakue. Seli iliyogawanyika kwa mara ya mwisho siku ile ya sindano hubaki na alama nzito maisha yake yote. Iliyoendelea kugawanyika hupoteza nusu ya alama kila mara, mpaka inafifia.

Kuisoma alama hiyo nako kulitaka subira. Vipande vya ubongo hufunikwa kwa utandu wa kemikali ya kupigia picha, vikaachwa gizani kwa majuma. Mnururisho wa tritiamu ni dhaifu, haupenyi zaidi ya mikroni chache, na udhaifu huo ndio uliowasaidia: punje nyeusi za fedha hutokea juu ya kiini cha seli husika, si juu ya jirani yake. Isotopu yenye nguvu zaidi ingelichafua picha nzima.

Walichokiona kilikuwa kinyume na matarajio. Sindano ya mapema iliacha alama katika matabaka ya chini ya gamba; sindano ya siku za baadaye iliacha alama juu. Ukiacha tabaka la juu kabisa, ambalo lina historia yake, gamba hujengwa kutoka ndani kwenda nje. Maana yake ni kwamba kila kizazi kipya cha nyuroni hulazimika kupenya katikati ya waliotangulia ili kufika mahali pake. Hakuna aliyeiona seli ikipita, lakini mpangilio wa tarehe haukuacha maelezo mengine.

Lakini zinapitaje? Swali hili ndilo lililomshughulisha Pasko Rakic. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1972 alitumia vijusi vya tumbili wa rhesus, ambao ukuta wa ubongo wao ni mnene kuliko wa panya, kwa hiyo safari ni ndefu na tatizo linaonekana wazi zaidi. Tangu karne ya 19 ilijulikana kwamba kijusi kina seli za glia zenye nyuzi ndefu zinazotoka kwenye ukuta wa vyumba vya maji hadi uso wa ubongo. Rakic alitaka kujua kama nyuroni zinazosafiri zinagusana nazo. Kipande kimoja chini ya hadubini ya elektroni hakiwezi kujibu. Viduara viwili vinavyogusana mahali pamoja havithibitishi lolote. Ilimbidi akate vipande vyembamba mno kwa mfululizo, apige picha kila kimoja, kisha aijenge upya seli moja kutoka picha hadi picha. Ndipo ilipoonekana: nyuroni changa imeukumbatia uzi wa glia, mkono wake wa mbele umetangulia juu, kiini kinafuata, kama mkwezi aliyeng'ang'ania mnazi.

Mwaka 1974 Rakic alitumia mbinu ya thaimidini kwa tumbili. Mimba ya rhesus huchukua siku kama 165, na nyuroni za gamba la kuonea zilipatikana kuwa huzaliwa kati ya siku ya 45 na ya 102, kwa mpangilio uleule wa ndani kwenda nje. Mwaka 1988 akaenda mbele zaidi, akapendekeza kwamba nyuroni hupanda wima kwa kufuata nyuzi hizo, hivyo ramani ya gamba imekwisha kuchorwa chini, kwenye ukuta zinakozaliwa.

Hapa ndipo uchambuzi unapaswa kusimama kidogo. Thaimidini ilitoa tarehe ya kuzaliwa. Hadubini ya elektroni ilitoa njia. Mahali pa kuzaliwa hapakupimwa. Palikisiwa tu kwa kuufuata uzi kurudi chini. Kwa nyuroni za kusisimua, ambazo ndizo nyingi, makisio hayo yalikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Kwa nyuroni za kutuliza, zile zinazotumia kemikali ya GABA, yalikuwa makosa.

Dalili zilianza mwaka 1992. Christopher Walsh na Constance Cepko walitumia virusi vilivyobeba vitambulisho tofauti vya kijenetiki kuwatia alama watoto wa seli mama mmoja katika ubongo wa panya, wakakuta ndugu wa ukoo mmoja wametawanyika mbali sana. Mwaka 1997 kundi la John Rubenstein huko California lilitoa ushahidi wa pande tatu. Rangi iliyowekwa chini ya ubongo wa mbele, nje kabisa ya gamba, ilionekana baadaye ndani ya seli zilizoingia kwenye gamba. Walipokata kiungo kati ya sehemu hizo mbili, seli za GABA katika gamba zikapungua. Na katika panya wasio na jeni za Dlx1 na Dlx2, uhamaji huo haukuonekana, na seli za GABA zikawa chache. Nyuroni hizi husafiri kwa kukata njia ya pembeni. Hazikupanda kutoka ukuta ulio chini yao.

Kwa nini zilijificha kwa zaidi ya miaka 30? Naona ni kwa sababu nyingi kati yake hatimaye hukaa kwenye matabaka yanayolingana na tarehe zao, karibu sawa na nyuroni za kusisimua za rika lake. Thaimidini ilizihesabu pamoja na wenyeji, na hesabu ikakubali. Mbinu haikudanganya; ilijibu swali moja, ikadhaniwa imejibu mawili.

Mwaka 2001 likaja pigo jingine. Stephen Noctor na wenzake katika maabara ya Arnold Kriegstein walitia virusi vyenye protini inayong'aa katika ubongo wa vijusi vya panya, wakafuatilia seli zikiwa hai. Glia ile ndefu iliyodhaniwa kuwa nguzo tu ilikuwa inagawanyika na kuzaa nyuroni. Mnazi, kumbe, ndiye mama wa mkwezi. Picha za seli zilizokufa zilikuwa na glia na nyuroni pamoja kwa miaka yote hiyo, ila uzazi hauonekani katika picha isiyotembea.

Kuhusu namna nyuroni inavyojua mahali pa kukaa, msaada mkubwa ulitoka kwa panya mgonjwa aliyeelezwa na Douglas Falconer mwaka 1951, aliyekuwa akiyumba akitembea. Matabaka ya gamba lake yamepinduka kwa kiasi kikubwa. Jeni yake ilipatikana mwaka 1995: hutengeneza protini ya rilini, inayomwagwa na seli zilizo karibu na uso wa ubongo. Kwa binadamu, hitilafu za jeni ya LIS1, iliyotambuliwa mwaka 1993, huacha ubongo bila mikunjo yake ya kawaida. Protini yake hushirikiana na injini ndogo za seli zinazovuta kiini mbele.

Binadamu hawezi kudungwa tritiamu ili ahesabiwe seli. Hata hivyo, majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza hewa kaboni-14, nayo ikaingia kwenye DNA ya watu. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden waliipima kaboni hiyo katika nyuroni za gamba la watu wazima waliofariki, na umri wake ukalingana na umri wa wenyewe. Ni tarehe tena. Kaboni haina la kusema kuhusu mahali zilikozaliwa.