Kidaraja cha Miguu 12

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapa kidaraja kwa leza iliyoyeyusha unga wa metali tabaka kwa tabaka, na mwaka 2018 ikawaalika wataalamu watabiri kwa kompyuta kitapinda kiasi gani kabla vipimo havijatangazwa. Kina urefu wa milimita 75 na upana wa 5. Chini kina miguu 12, mgongoni matuta 11. Ni umbo linalostahili kusomwa kiungo kwa kiungo.

Tuanze na miguu. Imepangwa kwa unene tofauti, minene kwa myembamba, na urari huu uliovunjwa makusudi ndio ufundi mkubwa wa kazi nzima. Joto la leza huingilia juu, na njia yake kuu ya kutokea ni chini, kupitia miguu hadi kwenye sahani ya msingi, maana unga uliolegea pembeni hupitisha joto kwa shida. Mguu mnene hulishusha upesi, mwembamba hulikwamisha. Mtabiri anayedhani kipande chote kinapoa sawasawa ataumbuka hapo hapo.

Kila tabaka jipya huyeyukia juu ya lililokwisha kuganda. Likipoa hutaka kusinyaa, la chini hulizuia, na mvutano hubaki ndani. Kidaraja kinaonekana kimenyooka, kumbe kimeshikiliwa. Miguu inapokatwa kwa waya wa cheche za umeme, ukabakizwa wa mwisho tu, ncha iliyoachiliwa huinuka. Hapo ndipo matuta yanapoonyesha thamani yake: kila moja ni kituo cha kupimia, kwa hiyo mkunjo unafuatwa mgongo mzima, si nchani peke yake. Huu ni uamuzi wa mtunzi hodari.

Umbo hilo hilo lilichapwa kwa aloi ya nikeli 625 na kwa chuma cha pua 15-5. Chuma hicho kinapopoa, mpangilio wa fuwele zake hugeuka na kutanuka kidogo, ukafidia sehemu ya msinyao. Nikeli haina mgeuko huo. Fani moja, maudhui mawili, na tofauti inapimika.

Lakini kidaraja hiki ni chembamba na kimenyooka mno, karibu kinalazimisha mkunjo uelekee juu tu. Panga la turbini hupinda na kujisokota kwa pamoja. Ningetaka pawepo pia ukuta mwembamba uliopinda, wenye miguu minene upande mmoja na myembamba upande wa pili, ili msokoto nao utabiriwe na kupimwa.