Nani Anamaliza Sentensi? Wazawa na Wasio Wazawa katika Majadiliano ya Kikundi kwa Kijapani

Uchunguzi wa majadiliano baina ya wazungumzaji wazawa na wasio wazawa wa Kijapani una mazoea ya kuanza kwa kuhesabu: mgeni ameitikia mara ngapi, amechukua zamu ngapi, amenyamaza kwa muda gani. Hesabu hizo huwekwa kando ya zile za wazawa, na tofauti inayopatikana huitwa upungufu wake. Makala haya yanadai kuwa sehemu kubwa ya upungufu huo hutengenezwa na kikundi kizima.

Sababu ya kuhesabu inaeleweka, kwani katika Kijapani msikilizaji ana kazi nzito. Viitikio viitwavyo aizuchi, kama vile un, hai na naruhodo, hupenyezwa katikati ya kauli ya msemaji bila kumpokonya zamu. Neno lenyewe linatokana na nyundo za wahunzi wawili wanaopokezana kugonga chuma kimoja. Senko Maynard, katika kazi zake za miaka ya 1980, alionesha kuwa Wajapani huitikia mara nyingi zaidi kuliko Wamarekani. Mizutani Nobuko alipendekeza istilahi ya kyōwa, yaani mazungumzo ambamo sentensi moja hujengwa na watu wawili: mmoja huianza, mwingine huimalizia. Ni dhana yenye nguvu, ila ni rahisi mno kuigeuza kuwa somo la kuitikia zaidi, kana kwamba kyōwa ni wingi wa hai.

Mfano wa kubuni unatosha kuonesha tatizo. Mgeni anasema, “Kono an wa chotto…” (pendekezo hili kidogo…), kisha anasita. Mzawa anamalizia, “muzukashii desu ne” (ni gumu, sivyo?). Baina ya wazawa, kauli iliyoachwa ikining’inia kwenye chotto inaweza kuwa kauli kamili: ni njia ya adabu ya kukataa, na anayeimalizia anaonesha kuwa ameelewa. Mgeni anaposita mahali palepale, kusita kwake husomeka kwa urahisi kuwa ni kukosa neno. Pengine alitaka kusema kuwa pendekezo ni ghali, au limechelewa. Sasa amepewa neno asilolitafuta, na kulikataa ni kumsahihisha mzawa katika lugha yake. Anaitikia hai. Katika jedwali la mtafiti, hai hiyo itaingizwa kama aizuchi, dalili ya ushiriki mwema. Kumbe ndipo hoja ilipozikwa.

Muundo wa sentensi huongeza ugumu. Kwa msemaji wa Kiswahili, ukanushi hujitokeza tangu silabi ya kwanza ya hatukubaliani. Katika Kijapani kitenzi, pamoja na ukanushi wake, hukaa mwishoni. Hata hivyo wazawa hawachelewi. Tanya Stivers na wenzake, waliolinganisha majibu ya maswali ya ndiyo au hapana katika lugha 10 (2009), waliona kuwa Kijapani kina mwanya mfupi kuliko zote: wastani wa milisekunde 7, ilhali Kidenishi kina 469. (Takwimu hiyo pekee ingetosha kuizika hadithi ya Mjapani anayefikiri kimya kabla ya kujibu.) Jibu la kasi hiyo huandaliwa swali likiwa bado linatamkwa. Katika mazungumzo ya wawili, anayengoja kitenzi husubiriwa, maana hakuna mwingine wa kujibu. Wakiwa watano, mtu wa tatu hujibu. Kwa mujibu wa kanuni za Sacks, Schegloff na Jefferson (1974), pale ambapo hakuna aliyeteuliwa, anayeanza kwanza ndiye mwenye zamu. Matokeo ya mazungumzo ya wawili, basi, hayahamishiki kwenye kikundi bila uangalifu.

Wazawa nao hujirekebisha, na wema huo una gharama. Yasashii Nihongo, Kijapani chepesi kilichobuniwa baada ya tetemeko la Kobe la 1995, kilikusudiwa kuwafikishia wageni taarifa za dharura. Mezani hali ni nyingine: mzawa akimlainishia mgeni lugha kisha akawageukia wenzake kwa lugha ya kawaida, yanazaliwa majadiliano mawili. Katika lile la pili mgeni huulizwa, “Na kwenu ikoje?” Amefanywa balozi wa nchi yake, ilhali hoja iliyo mezani inaendelea bila yeye.

Kinachostahili kurekodiwa, kabla ya idadi ya viitikio, ni kile kinachofuata baada ya sentensi ya mtu kumaliziwa na mwingine: je, mwenyewe alipata nafasi ya kusema “hapana, sivyo nilivyokusudia”, na je, kuna aliyeingoja?