Bango la Hollywood, ziwa letu, na karatasi tunazotupa

Wenzangu, mwezi wa 11 wa 2017, huko Dallas, Marekani, nyumba ya mnada inayoitwa Heritage Auctions iliuza bango moja la filamu kwa dolari 525,800. Bango, ile sisi huku tunaita afishi. Lilikuwa la filamu Dracula ya 1931: karatasi ya sentimita kama 69 kwa 104, iliyochapwa ili ibandikwe mbele ya sinema kwa siku chache, kisha itupwe. Najua mtu wa Kadutu atauliza: makuta yote hayo kwa karatasi? Swali lake ni zuri, na jibu lake linatugusa sisi wa Bukavu kuliko tunavyofikiri.

Bei ile haitoki kwenye uzuri wa picha peke yake. Inatoka kwenye uchache. Huko Marekani, tangu karibu 1940, mabango mengi ya filamu yalipita mikononi mwa kampuni moja, National Screen Service. Wenye sinema walikodi tu. Filamu ikiondoka, bango linarudishwa au linatupwa. Yaliyobaki ni yale ambayo mtu fulani aliyasahau darini, au aliyaficha kwa sababu alipenda filamu. Leo mnunuzi anachunguza kila kitu: ni chapa ya kwanza, ao ilichapwa tena filamu iliporudi sinema? Imekunjwa wapi? Kuna rangi iliyoongezwa? Imebandikwa kwenye kitambaa ili isiraruke? Na zaidi ya yote: imepita mikononi mwa nani? Historia ya umiliki ndiyo inageuza karatasi kuwa mali.

Hata Hollywood yenyewe ilichelewa kuelewa. Mwaka wa 1970 nguo na vifaa vya studio ya MGM viliuzwa kwa mnada, na viatu vyekundu vya Judy Garland vya filamu The Wizard of Oz (1939) vikatoka kwa dolari 15,000. Jozi nyingine ya viatu hivyo iliibiwa mwaka 2005 kwenye jumba la makumbusho huko Minnesota, ikapatikana 2018. Mwezi wa 12 wa 2024 nyundo iligonga kwa dolari milioni 28. Ukiongeza ada ya nyumba ya mnada, mnunuzi alitoa milioni 32.5. Kwa hiyo ukisoma bei za minada kwenye simu yako, uliza kwanza: hii ni bei ya nyundo, ao ni bei ya mfuko?

Mpaka hapo sina ugomvi na biashara hii. Mtu ametunza, mtu amelipa. Ugomvi wangu unaanza na mabango ya filamu moja ambayo nayo yanazunguka katika minada hiyo: The African Queen.

Filamu hii ya John Huston ilitoka mwishoni mwa 1951. Sehemu ya picha zake zilipigwa huku kwetu Kongo, kwenye mto Ruiki karibu na Biondo, upande wa Kisangani. Nyingine zilipigwa Uganda, na nyingine katika studio za Uingereza. Humphrey Bogart alipata Oscar kwa kazi hiyo. Angalia bango lake: yeye na Katharine Hepburn ndio wamejaza karatasi, kwa nyuso na kwa majina. Afrika imebaki kwenye jina la filamu na kwenye mapambo ya nyuma.

Sasa, hadithi yenyewe ni ya wapi? C. S. Forester aliandika riwaya yake mwaka 1935 akiegemea vita vya kweli vya Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile ambalo Uvira yetu imekaa kandoni mwake. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Fungurume, halafu wakazivuta nchi kavu, kwenye milima na pori la Katanga. Wafanyakazi Wakongo walikata miti na kujenga madaraja zaidi ya 100 ili zipite. Zikaendelea kwa reli na kwa mto Lualaba mpaka Kalemie. Tarehe 26 mwezi wa 12 ziliteka meli ya Wajerumani, Kingani. Miezi miwili haijaisha, zikazamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Ile kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi wa 7 wa 1916. Baadaye iliinuliwa, na tangu 1927 ikasafiri kwa jina la Liemba. Waliopita Kigoma wanaijua.

Katika filamu, Waafrika wanaimba kanisani mwanzoni, kijiji kinachomwa, watu wanachukuliwa. Baada ya hapo mto unakuwa wa wazungu wawili na mashua yao. Wale wa madaraja ya Katanga hawamo kabisa. Ni filamu iliyochezwa vizuri sana, nimeiangalia mara mbili na ningeiangalia tena, lakini jicho lake ni jembamba. Bango limefupisha wembamba huo kwa karatasi moja, na mnada unaupigia muhuri. Bei inapandishwa na nyota, mwongozaji, hali ya karatasi na jina la aliyelitunza. Fundi aliyejenga kambi ya Biondo haongezi hata dolari moja.

Kuna wenzetu watasema: basi warudishe, ni mali yetu. Hapo mimi sikubali. Sanamu na barakoa zilizoko Tervuren zilitoka huku, na madai yake ni ya haki. Bango la The African Queen lilichapwa kule, likatunzwa kule, halikuwahi kuwa letu. Na hilo ndilo linaniuma zaidi. Hatuwezi kumlaumu mwizi pale ambapo hakuna kilichoibiwa. Lazima tujiulize sisi tumetunza nini.

Mfano uko karibu. Mwaka 2015 Thierry Michel alitoa filamu kuhusu daktari Mukwege na hospitali ya Panzi, hapa hapa kwetu, L'homme qui répare les femmes. Mwezi wa 9 serikali ikaikataza. Mwezi wa 10 ikaruhusu. Miaka mitatu baadaye daktari akapata Nobel. Afishi ya onyesho la filamu ile Bukavu, yenye tarehe na mahali, ni ushahidi kwamba siku fulani watu wa mji huu waliruhusiwa kujiona kwenye skrini. Nimewauliza wenzangu wa chuo nani yuko nayo. Wengi walitafuta kwenye simu za zamani, wakakosa.

Tunajua sababu. Bango la plastiki likimaliza kazi, linakuwa shitingi ya kufunika unga sokoni, ao linaziba paa linalovuja. Mvua ya Bukavu haimwogopi mtu, siwezi kumhukumu mama anayelinda mali yake. Tena mji huu ulivamiwa 1996, 2004 na 2025. Mtu akikimbia anabeba mtoto na godoro, habebi makaratasi. Lakini ndiyo maana kutunza hakuwezi kungoja amani kamili. Pale Dallas nao, kilichookoka kiliokolewa na mtu mmoja mmoja, bila bajeti ya serikali.

Kwa hiyo ninapendekeza kitu kidogo. Uko na afishi ya filamu, ya tamasha, ya mchezo wa chuo? Andika nyuma yake kwa kalamu ya risasi: siku, mahali, nani aliichapa, nani alikupa. Usiibandike kwa skochi, inakula karatasi. Ilaze bapa, mbali na jua na unyevu. Ipige picha, na picha hiyo umtumie mtu anayeishi mji mwingine. Ukiwa na mbili, moja peleka kwenye maktaba ya chuo chako.

Labda hakuna mtu atakayeipandishia bei hata siku moja, na si kitu. Siku moja mwanafunzi atataka kuandika jinsi Bukavu ilivyoangalia filamu zake, na atahitaji kitu cha kushika. Kama hakipo, ataandika kwa kutegemea katalogi za Dallas, na humo ataona nyuso mbili tu na maji nyuma yao.