Bibi wa Kubuni: Nasaba na Biashara katika Maisha ya Tippu Tip

Anayekifungua kwa mara ya kwanza kitabu cha Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe hutarajia kuanza na kuzaliwa kwake. Hakuna kuzaliwa. Hakuna nyumba ya Unguja, hakuna chuo cha Kurani, hakuna mama. Tunamkuta kijana wa miaka 12 ambaye tayari yumo safarini, safari za karibu, anafanya biashara ya sandarusi. Mzigo wake ni mdogo kwa sababu yeye mwenyewe ni mdogo. Pamoja naye wapo watu watatu: ndugu yake Muhammed bin Masud el Wardi, na wakubwa wake wawili, Bushir bin Habib na Abdallah bin Habib el Wardi. Baada ya hapo mambo yanakwenda mbio. Anafikia miaka 18, baba yake anakuja kutoka Unyanyembe, na safari za mbali zinaanza.

Naomba msomaji mwenzangu asimame kwanza kwenye majina hayo matatu, maana mara ya kwanza nami niliyapita kama watu wanavyoyapita. Mwandishi ni Murjebi. Wenziwe wote watatu ni Wardi. Kama Muhammed bin Masud ni ndugu yake, mbona baba zao ni wawili na nisba zao ni mbili? Jibu ni kwamba wamezaliwa na mama mmoja. Mama huyo ni binti wa Habib bin Bushir el Wardi, na kwa hiyo Bushir na Abdallah, wana wa Habib, ni wajomba. Mtaji wa kwanza wa mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa pembe katika Afrika ya Mashariki ya karne ya 19, yaani watu wa kwanza waliomshika mkono na kumwonesha bei, ulitoka upande wa mama. Lakini mama mwenyewe hatajwi. Msomaji anapaswa kumtafuta kwa hesabu, kama anavyotafutwa mtu aliyekaa nyuma ya pazia kwa kuangalia nani anaingia na nani anatoka.

Hoja yangu katika makala haya ni fupi. Katika kitabu hiki nasaba haisimuliwi kwa ajili ya kumbukumbu. Inasimuliwa pale inapozaa mali, na pale isipozaa inanyamaziwa. Mama wa kweli ananyamaziwa. Mbele kidogo tutakutana na bibi mzaa mama ambaye hakuwahi kuwapo, naye anasimuliwa kwa kirefu.

Kwanza niseme machache juu ya kitabu chenyewe. Tippu Tip alikiandika kwa Kiswahili akiwa mzee Unguja, kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, na kilichapishwa Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Mwandishi alifariki mwaka 1905. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walikipata baadaye kwa toleo la Wilfred Whiteley, lenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Tangu hapo wanahistoria wamekifanya ghala: wanaingia kuchukua majina ya watemi, njia za misafara na bei ya pembe, kisha wanafunga mlango. Sisi wa fasihi tumekiacha kwao mno. Ni tawasifu ya mapema kabisa katika nathari ya Kiswahili, na msimulizi wake ni fundi. Anajua nini kiachwe.

Brode, alipokuja kuandika kitabu chake mwenyewe juu ya Tippu Tip, aliona pengo la mwanzo akalijaza. Akatuletea Rajab bin Muhammed bin Said el Murjebi aliyetoka Maskati, akaoa Mbwamaji katika nyumba ya Wanabhani, akamzaa Juma, na Juma akamzaa Muhammed, baba yake Hamed. Hiyo ndiyo nasaba kama Mzungu alivyotaka kuiona, mti uliosimama wima, baba juu ya baba. Mwenyewe hakuona haja ya kuuanzisha hivyo. Hata baba yake anaingia kitabuni kama mtu wa kazi: anakaa Tabora, ana nguvu huko kwa sababu amemuoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Karunde ametajwa kwa jina. Mama mzazi hakutajwa, mke wa baba ametajwa! Msimulizi haoni ajabu, na kwa mantiki yake hakuna ajabu. Karunde ni mlango wa Unyanyembe, na kila anayepeleka bidhaa Tabora anahitaji kujua mlango uko wapi.

Ndoa yake mwenyewe inasimuliwa kwa namna hiyohiyo. Anaoa Unguja binti Salum bin Abdallah el Barwani, mama yake Sefu, na mara moja tunaelezwa kwamba bibi arusi ana mali nyingi, Unguja na Maskati. Kwa watu wa pwani yetu ya kusini, kuanzia Lindi hadi mpakani Ruvuma, jina la Barwani halihitaji maelezo. Rumaliza, yaani Muhammed bin Khalfan el Barwani, mshirika wa Tippu Tip ambaye baadaye aligombana naye kwa ajili ya mali ya shirika lao, alikuwa mtu wa Lindi. Nasaba hapa ni mkopo. Wahindi wa Unguja, Taria Topan akiwa wa mbele, wanampa mtu bidhaa kwa kuangalia nani yuko nyuma yake.

Sasa twende Utetera, kwa maana huko ndiko kiini cha kitabu kilipo. Ni nchi ya upande wa mto Lomami, katika Kongo ya leo, na Tippu Tip alifika huko kabla ya kukutana na Mwingereza Cameron mwaka 1874. Mtawala wake alikuwa mzee Kassongo Rushie. Msimulizi alikuwa amesikia njiani kwamba zamani mtawala wa Urua aliwateka dada wawili wa Kassongo akaenda nao, na kwamba mzee bado anawalilia. Mtu mwingine angeisikia habari hiyo akaisahau. Yeye akaikalia, akaipima, kisha akaivaa. Akasema kwamba babu yake, Habib bin Bushir el Wardi, aliwahi kufika Urua, akampata huko mwanamke aliyetekwa, akamfanya suria, na mwanamke huyo ndiye aliyemzaa mama yake. Kwa hiyo yeye Hamed ni mjukuu wa dada yake Kassongo. Amekuja nyumbani.

Mzee akasadiki. Alifurahi, akamkabidhi utawala, na watu wakaamriwa kwamba pembe zote ziletwe kwa mtawala mpya. Mfanyabiashara aliyeingia nchini na shanga na bunduki akatoka akiwa mrithi wa kiti.

Linaloshangaza si kwamba alidanganya. Wafanyabiashara walidanganya kila siku. Linaloshangaza ni kwamba anatueleza sisi wasomaji, bila haya na bila kutafuna maneno, jinsi alivyoujenga uongo huo. Hapa usimulizi wake, ambao kwa kawaida hukimbia kama mtu anayehesabu vituo vya safari, unapunguza mwendo. Kuna mazungumzo. Kuna kungoja. Kuna ladha ya mtu anayesimulia barazani jinsi alivyomshinda mwenzake kwenye bao. Na jina la Habib bin Bushir, babu mzaa mama wa kweli, ambaye kule mwanzo lilibaki limefichwa ndani ya majina ya wanawe, hapa linatamkwa wazi. Upande wa mama umefunguliwa hatimaye, kwa sababu umeonekana una pembe ndani yake.

Wasomaji wengi huiona sehemu hii kama kichekesho cha mjanja na mzee mjinga. Mimi nimezaliwa upande wa Palma, na sikuweza kuisoma hivyo. Kwetu, kwa Mmakonde wa bara ya Mueda, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Kwa Mmakua vilevile. Hata sisi wa pwani, tunaohesabu baba kwa baba kama dini ilivyotufundisha, tunapogombania shamba la minazi tunajikuta tunauliza mama yake alikuwa nani. Kwa hiyo Kassongo hakuwa mjinga. Mtoto wa binti wa dada ni damu ambayo haina shaka, ni mrithi kuliko mtoto wa mwanamume. Tippu Tip, mwana wa nisba ya Maskati, aliijua sheria hiyo vizuri kuliko anavyokiri, akaisema kwa ufasaha. Stanley, aliyekutana naye mwaka 1876, aliandika juu ya weusi wa sura yake. Rangi ambayo Unguja haikumwongezea heshima, Utetera ilikuwa ushahidi.

Najua pingamizi litakaloletwa. Mhadhiri wetu mmoja alilileta darasani: kwamba ni adabu ya Kiislamu kutomtaja mama na mke mbele ya wageni, na kwamba Brode alikuwa mgeni. Pingamizi lina uzito. Hata mke wake tajiri tunampata kama binti Salum tu, jina lake mwenyewe hatulioni. Lakini adabu hiyo haikumzuia kumtamka Karunde, na haikumzuia kumfanya mama yake mzazi kuwa mtoto wa suria wa kununuliwa, tena katika kitabu kitakachochapwa. Mtu anayelinda heshima ya mama hafanyi hivyo. Mtu anayepima faida hufanya.

Upo pia upande ambao mbinu hii haifiki. Mwezi Desemba 1889 Stanley alimshtaki katika mahakama ya konseli wa Uingereza Unguja, na pauni 10,000 zake zilizokuwa mikononi mwa Taria Topan zikazuiwa. Mahakamani hapo hakuna aliyeuliza yeye ni mjukuu wa nani. Waliuliza mkataba uliotiwa saini Februari 1887 unasemaje. Mwezi huohuo wa Februari, nitaje kwa kupita, Wareno walikuja na manowari wakaichukua Tungi yetu kutoka kwa Seyyid Barghash, ingawa miezi michache tu nyuma Waingereza na Wajerumani walikuwa wameandika karatasi inayompa pwani mpaka hapo. Kitabuni Barghash anamwambia Hamed maneno ya mtu aliyechoka, kwamba ikiwa hata Unguja Wazungu wanataka kumnyang'anya, bara ataishikaje. Kila nikifika hapo namsikia akizungumza habari za kwetu.

Lakini kosa kubwa la kitabu, kwa jicho langu, liko kwa wale dada wawili. Msimulizi amewatumia akawaacha. Wametekwa, wamepelekwa, mmoja wao amegeuzwa bibi ya mtu asiyemjua, na hatuambiwi hata kama msimulizi alijiuliza walikofia. Huyu ni mtu ambaye misafara yake iliteremsha watu kama hao kwenda pwani kwa miaka mingi. Alijua njia hiyo mwanamke anaipita vipi. Alipohitaji hadithi, akachukua ya mwanamke wa njia hiyo, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba ni hadithi ya kuaminika. Ilikuwa ya kuaminika kwa sababu yeye na wenziwe waliifanya kuwa ya kawaida.

Na huku kwetu ni kinyume chake. Ibo na Tungi zilikuwa bandari za biashara hiyohiyo. Wanawake walioletwa kutoka Umakuani na Uyao hawakuondoka wote kwa majahazi. Wengine walibaki, wakazaa, na wajukuu wao wakajiita watu wa Shirazi. Yeye alimtangaza bibi ambaye hakuwahi kuwapo. Sisi tunao wa kweli, na tunawafunika.

Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, nyumba yetu ilikuwa miongoni mwa zilizokimbia. Tulipokelewa na watu ambao hatukuwa tumewaona, na usiku wa kwanza mwenye nyumba, kwa upole kabisa, alimuuliza bibi yangu sisi ni wa nani. Bibi akakaa sawa kwenye mkeka akaanza kuhesabu. Upande wa baba alikwenda majina sita bila kuvuta pumzi, na kwenye jina la sita mwenye nyumba akaitika, kumbe ni wetu. Upande wa mama alitaja wanawake wawili. Alipofika wa tatu akaomba maji.

Nilimuuliza baada ya miezi. Alinijibu kwamba yule wa tatu alitoka bara, akiwa mtoto, na hakuja kwa miguu ya hiari. Jina alilokuja nalo anajulikana nalo, si lile alilopewa hapa. Akanitajia. Silitaji katika makala haya, kwa kuwa sijamuomba ruhusa.